Ngumi, Mguu na Njia: Mchezo wa Wakorea Katika Mizani ya Sharia

(Mhadhara uliotolewa Masasi na kurudiwa Newala)

 





Mada tuliyopewa ni mchezo wa taekwondo. Katika baadhi ya misikiti yetu, kuanzia Masasi mjini mpaka huku juu Newala, vijana wameanza kuufanyia mazoezi baada ya Sala ya Alasiri. Wamo wazazi waliowakataza watoto wao kabisa, wakisema kwamba huo ni Ubudha uliovaa nguo nyeupe. Wamo waliowaachia bila hata kuuliza mwalimu ni nani. Makundi yote mawili yametoa hukumu kabla ya kukijua kinachohukumiwa, ilhali wanachuoni wetu wa usuli wametufundisha kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Kwa hiyo tutaanza kwa kulifahamu, kisha tutalipima. Maswali tuliyoletewa kwa maandishi ni mengi. Lililo zito kuliko yote limetoka kwa mzee mmoja wa Newala, naye ameuliza: kwa nini tuwafundishe vijana kupiga watu katika zama hizi ambapo ng'ambo ya Ruvuma kunawaka moto? Swali hilo tutalifikia, inshaallah, wala hatutalikwepa.

MCHEZO WENYEWE NA CHANZO CHAKE

Jina taekwondo limeundwa kwa maneno matatu ya Kikorea. Tae ni mguu unaopiga, kwon ni ngumi, na do ni njia. Jina hilo si la kale kama wengi wanavyodhani. Lilipitishwa tarehe 11 Aprili 1955, na aliyelipigania ni Choi Hong Hi, jenerali wa jeshi la Korea Kusini. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1918, nchi yake ikiwa chini ya ukoloni wa Wajapani, na akajifunza karate alipokuwa mwanafunzi huko Japani. Korea ilipopata uhuru wake mwaka 1945, yeye na walimu wengine waliokuwa wamejifunza kwa mtawala walitaka mchezo ambao mtoto wa Kikorea angeuita wake. Wakayachukua yale waliyoyasoma Japani, wakayapa mwendo mwingine, wakayazidishia mateke ambayo Wakorea wanayahusisha na michezo ya jadi yao, kisha wakayapa jina lao.

Mwaka 1966 Jenerali Choi aliunda shirikisho la kimataifa, ITF. Mwaka 1972 akahamia Kanada baada ya kutofautiana na watawala wa nchi yake, na mwaka uliofuata serikali ya Korea Kusini ikawa na shirikisho lake jingine mjini Seoul, ambalo tangu mwaka 2017 linaitwa World Taekwondo. Hilo la pili ndilo lililoupeleka mchezo huu katika Olimpiki, kwanza kwa maonyesho tu mwaka 1988 mjini Seoul, kisha kwa medali kamili mwaka 2000 mjini Sydney. Choi alifariki mwaka 2002 mjini Pyongyang, na shirikisho lake likagawanyika makundi kadhaa, kila kundi likidai kwamba lenyewe ndilo la asili. Habari hiyo isitushangaze sana sisi ambao katika mji mmoja tunaweza kuwa na misikiti mitatu isiyopeana salamu.

Tumeyataja haya kwa sababu yuko mtu atakayekuja kuwaambia vijana wetu kwamba mchezo huu ni siri ya watawa wa milimani yenye umri wa miaka 2000. Mtu huyo anauza hadithi. Taekwondo tunayoiona leo ilisukwa katika makambi ya jeshi na kumbi za mazoezi za karne ya 20. Na Korea yenyewe si nchi ya Mabudha peke yao: wamo Wakristo wengi, wamo wasio na dini yoyote, na tangu mwaka 1976 upo msikiti mkubwa katika mtaa wa Itaewon mjini Seoul, uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na serikali. Uislamu ule mbegu zake zilipandwa kwa sehemu kubwa na askari wa Kituruki waliokwenda huko wakati wa Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Wallahi mambo ya Allah ni ya ajabu: jeshi linakwenda kupigana, linaacha nyuma yake adhana.

NGUVU INATOKA WAPI?

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwani kwa maoni yetu ndipo palipo na hatari kubwa kuliko kuinama na mikanda.

Kijana akiona mwenzake anavunja ubao kwa ngumi, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwamba kuna kitu kilichofichwa. Filamu za Kichina zimemzoesha kuamini kwamba mpiganaji ana nguvu ya siri isiyokuwa ya mwili. Mtaani anaambiwa kwamba fulani ana jini, au amechanjwa chale, au amefungwa hirizi kiunoni. Sasa tazameni Jenerali Choi mwenyewe alivyolieleza jambo hilo. Katika mafunzo yake nguvu ya pigo ina sababu zinazohesabika: uzito wa mwili, kasi, kuukusanya msukumo mahali padogo, usawa wa kusimama, pumzi, na mrudisho wa mkono wa pili unaovutwa nyuma wakati wa kwanza unapokwenda mbele.

Haya si mambo ya ghaibu. Mwanafunzi wa sekondari anayafahamu: kitu kikizidishiwa uzito mara mbili, nishati ya mwendo wake huongezeka mara mbili, kikizidishiwa kasi mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Ndiyo maana kijana mwembamba mwenye kasi anaweza kupiga kuliko mnene mzito. Shoka linapasua gogo ambalo nyundo haipasui kwa kuwa makali yake ni membamba, na mpigaji wa teke naye hupiga kwa kisigino, au kwa ukingo wa wayo, au kwa ile nyama ngumu iliyo chini ya vidole, asieneze pigo lake katika wayo mzima. Na pumzi? Msikilizeni mama anayetwanga. Mchi unaposhuka ndipo anapoitoa pumzi, na nyonga zake zinashuka pamoja na mikono. Hakufundishwa na Mkorea. Mwili alioumbiwa na Mola wake ndio uliomfundisha.

Ama ubao, waulizeni wachongaji wetu wa Kimakonde. Mchongaji anajua kwamba mti una nyuzi, na tezo likifuata nyuzi, mti unaachia. Likienda kinyume, linarudi. Mbao za maonyesho hushikwa kwa namna ambayo pigo linafuata nyuzi. Ni ustadi, na unahitaji mazoezi ya miezi mingi, lakini hakuna jini ndani ya ubao.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya yale tunayoyajua juu ya nchi yetu. Mwaka 1905 watu wa kusini hii walipopewa maji wakaambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji, walikuwa wanaume mashujaa wenye dhulma ya kweli ya kuiondoa. Hatuwacheki. Lakini ushujaa wao ulitegemezwa juu ya kitu kisichodhuru wala kunufaisha, nao waliuawa kwa maelfu. Imani ya namna ile haikufa pamoja nao. Tumesikia kwa masikio yetu kwamba wapo vijana wa mazoezi ambao kabla ya pambano hupitia kwa mganga, na kwamba chini ya mkanda hufungwa kitu kilichoshonewa kitambaa cheusi. Tena wengine hudai kwamba ndani yake mna aya za Qur'ani, kana kwamba aya ziliteremshwa zipate kufungwa kiunoni na kuingia nazo chooni.

Uqba bin Amir (r.a.) amesimulia, katika Musnad ya Imamu Ahmad, kwamba walikuja watu kumi kwa Mtume (s.a.w.), akapokea ahadi ya utii ya tisa, akajizuia kwa mmoja. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba yule alikuwa amevaa hirizi. Mtu yule akaingiza mkono wake, akaikata, na ndipo Mtume (s.a.w.) akaipokea ahadi yake, na akabainisha kwamba mwenye kuvaa hirizi amefanya shirki. Basi wazazi mnaoogopa Ubudha kutoka Korea, mnaogopa jambo linalofaa kuogopwa. Lakini kwanza vueni kiuno cha mtoto mkatazame. Shirki iliyo karibu zaidi naye haikuja kwa ndege. Ipo kijijini, na pengine ni nyinyi mliomfungia alipokuwa mchanga.

Mwalimu anayewafundisha vijana kwamba nguvu ya ngumi inatokana na kasi, nyonga na pumzi, amewafanyia kazi ya tauhidi hata kama mwenyewe hakukusudia.

TABIA ZILE TANO

Katika ukumbi wa taekwondo mwanafunzi huhifadhishwa nguzo tano: adabu, uaminifu, uvumilivu, kujitawala, na moyo usioshindwa. Wapo Waislamu wanaozisikia wakasema, tazameni Wakorea wana hekima gani! Sisi tunasema: hekima ni kitu cha Muumini, popote aipatapo anaistahiki, lakini kati ya tano hizo, ni ipi ambayo hatukuletewa? Katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba mwenye nguvu si yule awabwagaye watu, ila ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Na mtu alipomwendea Mtume (s.a.w.) akiomba wasia, aliambiwa asikasirike, akarudia kuomba mara kadhaa, na jibu likabaki lilelile.

Tofauti ni kwamba wale wenzetu wameipa tabia ile ratiba. Kijana anayefundishwa kujitawala huko anasimamishwa mbele ya mwenzake anayemrushia teke, na analazimika kulizuia lake sentimita chache kabla halijamgusa. Anafanya hivyo mara mia kwa jioni moja. Anakosea, anaanza tena. Anangoja miezi kabla ya kubadilishiwa rangi ya mkanda, kutoka mweupe wa asiyejua kitu, kupita manjano, kijani, buluu na nyekundu, mpaka mweusi. Sisi subira tumeifanyia mihadhara. Wangapi kati ya vijana wetu tumewawekea mahali pa kuizoeza? Funga ya Ramadhani ni zoezi kubwa kuliko lolote, na Sala tano ni ratiba isiyo na mfano. Lakini mwalimu wa madrasa anayetoka nje ya darasa na kumchapa mtoto kwa hasira amesahau kwamba na yeye alikuwa katika mtihani wa mkanda.

KUCHAMBUA CHA WATU

Watu wa sehemu hizi hawahitaji kufundishwa kwamba kitu cha wengine kinaweza kuchambuliwa. Jando la kusini ni ushahidi. Wamisionari wa Kianglikana waliofika Masasi tangu mwaka 1876 walilikuta jando na ngoma zake, na katika miaka ya 1910 na 1920 padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, aliamua kutolivunja. Akabaki na tohara na kambi ya vijana, akaondoa yale aliyoyaona kuwa ni kinyume cha dini yake, akaweka sala za Kikristo. Masheikh wetu nao walifanya kazi kama hiyo kwa upande wao, kwa hoja yenye nguvu zaidi, maana tohara ni sunna ya Nabii Ibrahim (a.s.) na haikuhitaji kuazimwa. Pale ambapo kazi ile ilikamilika, kijana anatahiriwa, anafundishwa udhu na Sala, na anarudi nyumbani. Pale ilipoachwa nusu, pombe na matusi ya nyimbo na vinyago vya mapiko vimebaki, na jina la Uislamu limewekwa juu yake kama kifuniko.

Basi tuichambue taekwondo, tusiiache nusu.

Kwanza ni kuinama. Mwalimu anapoita charyot, wanafunzi husimama wima. Anapoita kyongye, humwinamia. Kwa mtindo wa Jenerali Choi ni kiasi cha nyuzi 15. Vijana wametuambia kwamba hiyo ni salamu tu, haifiki rukuu. Hoja yao tumeielewa, na hatumwiti yeyote kafiri kwa kuinama namna ile, kwani nia yake si ibada. Hata hivyo Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa iwapo mtu anapokutana na nduguye amwinamie, akakataa, akaulizwa juu ya kupeana mikono, akakubali. Tirmidhi ameitoa Hadithi hiyo na kuihesabu kuwa ni hasan. Imamu Nawawi, ambaye ni katika vigogo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi huku kwetu, ameihesabu kuwa ni makuruhu kumwinamia yeyote kwa salamu. Katika zama hizi Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia imekataza moja kwa moja. Maadamu jambo liko kati ya makuruhu na haramu, na maadamu liko badala lililo bora, kwa nini tuling'ang'anie? Vijana wasimame wima, watoe salamu ya Kiislamu, wapeane mikono. Adabu itapatikana na mgongo utabaki kwa Mwenye kuuumba. Na kama mashindano fulani hayamruhusu mtu kuingia ila kwa kuinama, basi asishindane. Medali si faradhi.

Pili ni mifuatano ya miondoko ambayo mwanafunzi huihifadhi. Mtindo wa ITF unayo 24, kwa idadi ya saa za siku, na mingi imepewa majina ya watu wa historia ya Korea. Wa kwanza unaitwa Chon-Ji, maana yake mbingu na ardhi. Mwingine ni Dan-Gun, mwanzilishi wa taifa lao katika ngano zao. Mwingine ni Won-Hyo, mtawa wa Kibudha wa karne ya 7. Mtindo wa World Taekwondo unayo minane iitwayo Taegeuk, na kila mmoja umefungamanishwa na alama ya kitabu cha kale cha Kichina kilichotumika kubashiria. Je, kijana anayepiga ngumi ya Won-Hyo amemtukuza mtawa? Sisi tunaona jina ni jina. Tunaandika Januari katika barua zetu na hatumwabudu sanamu wa Kirumi ambaye mwezi ule uliitwa kwa jina lake. Miondoko ni kukinga, kugeuka, kupiga. Haina ibada ndani yake. Kisichofaa ni kuyafundisha maelezo yale kama itikadi, kwamba alama hizo zinaendesha ulimwengu na kwamba mtu hupata baraka kwa kuzifuata. Mwalimu wa Kiislamu aiite miondoko kwa namba zake, yakaisha. Na kule kukaa na kufumba macho mwanzoni mwa mazoezi kwa ajili ya kutafakari utupu kuondolewe kabisa; mwenye haja ya utulivu anao uradi wa asubuhi na jioni uliothibiti.

Ahadi wanayoisoma wanafunzi ina mambo mazuri, kama kumheshimu mwalimu na kutoutumia vibaya mchezo. Isomwe kama ahadi ya kawaida na isigeuzwe kiapo, kwani asiyeapa kwa Allah anyamaze.

Tatu ni uso. Katika Sahihi mbili imekuja amri ya kuepuka uso pale mtu apiganapo na nduguye. Kanuni za World Taekwondo zinakataza ngumi ya uso, lakini zinahesabu teke la kichwani kuwa ni alama tatu, na likiwa la kuzunguka linapata alama tano. Kwa hiyo kanuni zao zinakutana na sharia nusu ya njia tu. Vijana wetu wafanye mazoezi ya teke la juu kwa kupiga pedi, na wanapokutana wao kwa wao wapige kiwiliwili chenye kinga tu. Atakayesema kwamba hivyo mchezo unapungua, amesema kweli. Unapungua kwa kipimo cha uso wa Mwislamu.

SWALI LA MZEE WETU

Sasa tumefika kwa mzee wetu. Anasema kunawaka, na kweli kunawaka. Tangu Oktoba 2017, watu waliojitia jina la dini wameua, wamechinja na wamechoma vijiji huko Cabo Delgado, na waliouawa humo ni pamoja na Waislamu wenzetu, Wamakonde, Wamwani na Wamakua, ambao baadhi yetu tuna undugu nao wa damu. Oktoba 2020 moto ule ulivuka mto, ukafika kijiji cha Kitaya katika mkoa wetu huu wa Mtwara, na watu wakauawa. Tangu hapo mzazi akimwona kijana wa msikiti anarusha mateke porini, moyo unamwenda mbio. Ana haki. Na afisa wa usalama naye akiona hivyohivyo atauliza, na hatuna sababu ya kumlaumu kwa kuuliza.

Lakini ndugu zetu, waliowachukua vijana wale hawakuwachukua kwa taekwondo. Waliwachukua kwa kuwatenga: na wazazi wao, na masheikh wao, na shule, na msikiti wa wote, mpaka kijana akawa hana wa kumuuliza. Mazoezi ya siri ni mabaya hata yakiwa ya kukimbia tu. Mazoezi ya uwanjani, mchana, mbele ya wazee waliokaa kwenye mikeka wakitazama, yana tiba ndani yake. Bibi Aisha (r.a.) aliwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume mwenyewe akimsitiri. Mikuki ile haikufichwa. Ilichezwa msikitini, mbele ya watu.

Kwa hiyo masharti yetu kwa vijana wa Masasi na Newala ni haya, nasi tumeyatamka mbele ya wazazi wao. Kikundi kijulikane kwa afisa michezo wa wilaya na kisajiliwe kama klabu, kwani nchi hii ina Baraza la Michezo la Taifa tangu sheria ya mwaka 1967 na hakuna ugumu wa kulifuata. Mwalimu aonyeshe cheti chake cha mkanda mweusi kinachotaja shirikisho lililokitoa, maana mkanda mweusi dukani haumuulizi mtu kitu. Mazoezi yafanyike kati ya Alasiri na Magharibi, mahali penye njia ya watu, na adhana ikisikika kila kitu kisimame palepale, hata kama mguu uko hewani. Nguo zisitiri kuanzia kitovuni mpaka chini ya magoti. Mzee mmoja wa msikiti awepo kila siku, hata akiwa anasinzia. Na atakayepiga mtu mtaani, kwenye kilabu cha pombe au kwenye foleni ya malipo ya korosho, atolewe siku hiyohiyo na asirudishwe mpaka akamwombe radhi aliyempiga, mbele ya watu.

Hilo la korosho hatukulitaja kwa mzaha. Kila mmoja hapa anajua hali ya miji yetu minada inapoanza, Oktoba mpaka Desemba. Fedha inaingia kwa wiki chache, vijana wanakuwa na simu mpya na pikipiki mpya, na ugomvi unakuwa mwingi kuliko miezi mingine yote. Kijana aliyezoezwa kulizuia teke lake kabla halijagusa ana afadhali mbele ya mlevi anayemtukana. Aliyezoezwa kupiga tu, bila kuzuia, tumemwongezea silaha. Mzee wetu, khofu yako ni ya kweli, na jawabu letu ni kwamba uje ukae kwenye mkeka.

Wapo watakaotaja kisa cha Rukana, aliyepigana mieleka na Mtume (s.a.w.) akabwagwa. Kimo katika Abu Daud na Tirmidhi, na Tirmidhi mwenyewe amesema kwamba sanadi yake haikusimama sawasawa. Basi tusikifanye nguzo ya hoja yetu ilhali tunayo Hadithi ya Muslim isiyo na shaka, kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko Muumini dhaifu, na katika kila mmoja wao mna kheri.

Limebaki swali la dada zetu, na wameliuliza kwa adabu kubwa. Inajulikana kwamba mwaka 2007 huko Quebec, nchini Kanada, wasichana wa Kiislamu walizuiwa kushindana kwa sababu ya mitandio yao. Baadaye kanuni za kimataifa zikaruhusu mtandio chini ya kofia ya kinga, na katika Olimpiki ya London ya 2012 mwanamke mwenye hijabu aliingia ulingoni. Hilo la ulingoni mbele ya wanaume hatulitaki, na hijabu ya kichwa peke yake haimalizi sharti la sitara. Ama kujifunza wao kwa wao, ndani ya ua, kwa mwalimu wa kike, ili msichana anayepanda na ndoo ya maji kutoka bondeni alfajiri aweze kumtoka mtu anayemkamata mkono, tunaona ni jambo la kheri, na pengine lina haki ya kutangulizwa kuliko la kaka zao. Walimu wa kike hatunao kwa sasa. Tunawaomba akina mama watuambie kama kuna binti mwenye nia ya kwenda kujifunza, aende na mahram wake, na jamaa za misikiti yote miwili tuchange nauli na matumizi yake. Daftari la michango liko kwa katibu, na majina ya mabinti yapelekwe kwa mama zetu wa darasa la Jumamosi.

Wallahu aalam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.